Kabla Jua Halijapanda: Mandhari, Lugha na Historia ya Kutazama katika Bara la Lindi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kutazama uzuri wa muda mfupi wa maumbile katika bara la Lindi, hususan eneo la Nkowe, baina ya Ruangwa na Nachingwea. Uzuri wa aina hii hauachi kumbukumbu katika nyaraka. Kwa hiyo makala yanaichukulia lugha yenyewe kuwa hifadhi ya kumbukumbu. Hoja kuu ni kwamba kutokuwapo kwa shairi au sherehe inayosifu jambo si ushahidi kwamba jambo hilo halikuonwa. Vitenzi vya macheo na machweo, mfumo wa saa na tofauti baina ya -zuri na -pendeza vinaonesha jamii iliyotazama huku ikifanya kazi. Makala yanalinganisha utazamaji huo na ule wa wageni waliofika kati ya mwaka 1906 na 1950, kisha yanahoji namna istilahi ya mandhari inavyofundishwa katika madarasa yetu ya fasihi.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na Oktoba, misitu ya miombo hubadili rangi. Mvua bado. Udongo umekauka, moto wa kuandalia mashamba umekwisha kupita chini ya miti, na maji ya visima yameshuka. Hata hivyo, miti huchipua, kwa kuwa miombo hutumia maji iliyoyahifadhi na haingoji mawingu. Majani yake machanga mara nyingi hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka mekundu, ya rangi ya shaba au damu ya mzee, na kwa siku chache kilima kizima huonekana kama kinachowaka bila moshi. Kisha wekundu ule hufifia, kijani hutawala, na asiyepita njia hiyo wakati ule hauoni tena mpaka mwaka unaofuata.

Nkowe, kata ya Wilaya ya Ruangwa iliyozungukwa na nchi ya namna hii, haina sherehe ya kuyapokea majani hayo. Japani wanayo hanami, desturi ya kwenda kuketi chini ya miti ya sakura maua yanapochanua. Desturi hiyo ina karne nyingi, ina mashairi, na siku hizi ina hata utabiri unaotangazwa kwa umma. Mtu aliyezoea kuupima utamaduni kwa taasisi zake anaweza kuhitimisha haraka kwamba Mjapani huuona uzuri unaopita, ilhali mkulima wa Kimwera huona kuni, kivuli na dalili za mvua tu.

Hitimisho hilo limejitokeza kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya kikoloni: nchi ya bara la kusini iliitwa pori, na pori kwa maana ya mahali pasipo mwenyewe wala mtazamaji. Ya pili imo katika uhakiki wetu wenyewe. Mara kwa mara hudaiwa kwamba fasihi ya Kiafrika haina sanaa kwa ajili ya sanaa. Kwamba maumbile huingia humo yakiwa na kazi ya kufunza, kuonya au kuashiria. Dai hili la pili lilitolewa kwa nia njema, likiwa utetezi wa fasihi yenye wajibu kwa jamii. Lakini likishikiliwa bila tahadhari, hurudi kulekule lilikoanzia la kwanza: kumnyima mkulima jicho.

Makala haya yanapinga hitimisho hilo katika sura zake zote mbili. Hayadai kwamba watu wa Nkowe walikuwa na desturi iliyofichika inayofanana na ya Japani. Yanadai jambo la kiasi zaidi, nalo linathibitika: kwamba kutazama kwao kuliambatana na kazi, kukahifadhiwa katika lugha, na kwamba wanahistoria na wahakiki tumeshindwa kukuona kwa sababu tulikutafuta mahali pasipokuwa pake.

2.0 Mandhari na Nadharia: Mzizi Mmoja

Yafaa kuanza na istilahi zetu. Neno mandhari limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Mandhari, kwa asili yake, ni kinachotazamwa. Katika mzizi huohuo limo neno nadhari, yaani kuangalia kwa makini, na kutoka humo pia tumepata nadharia, neno ambalo taaluma yetu hulitumia kila siku. Bahati hii si ya Kiarabu peke yake. Neno la Kiyunani lililozipa lugha nyingi za Ulaya istilahi ya nadharia nalo lilihusu kutazama. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika tasnifu yenye sura ya nadharia na sehemu ya mandhari anatumia, bila kujua, maneno mawili ya ukoo mmoja.

Hata hivyo, katika matumizi ya darasani ndugu hawa wawili wameachana. Nadharia imepanda cheo. Mandhari imeshuka ikawa kipengele cha fani kinachoorodheshwa pamoja na muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Mwanafunzi huandika kwamba mandhari ya riwaya ni ya kijijini, au ya mjini, kisha husonga mbele kwenye dhamira. Kilichokuwa kitu cha kutazamwa kimekuwa mahali pa kutukia mambo, mfano wa pazia la nyuma jukwaani, na hakuna aendaye tamthiliani kutazama pazia.

Badiliko hili la maana lina matokeo katika historia. Mtafiti aliyefunzwa kuiona mandhari kama pazia akifika Nkowe hutafuta matukio: vita, njaa, misheni, mradi, uhamisho. Matukio hayo yapo na ni mazito. Lakini watu walioyapitia walikuwa pia wakiamka kila siku katika nchi fulani yenye nuru fulani, na hilo nalo ni sehemu ya historia yao. Raymond Williams, akiandika mwaka 1973 juu ya mashamba na miji ya Uingereza, alieleza kwamba wazo la mandhari hudai umbali baina ya mtazamaji na nchi, na kwamba mtu anayeilima nchi ni nadra kuitwa mtazamaji wake. Hoja hiyo aliielekeza kwa wenye mashamba makubwa wa kwao. Inatuhusu sisi vilevile, kwa sababu nyaraka nyingi za bara la Lindi ziliandikwa na watu waliokuwa na umbali huo.

3.0 Ushahidi wa Vitenzi

Ikiwa nyaraka ziliandikwa na wenye umbali, tutamsikia wapi asiye na umbali? Jibu mojawapo ni lugha. Tuanze na kitenzi kifupi kuliko vyote vinavyohusu asubuhi: -cha. Kunakucha, kumekucha, macheo. Kinyume chake ni -chwa: kunakuchwa, machweo. Ni vitenzi vya Kibantu, na mzizi wa -cha umeenea katika lugha nyingi za jamii hiyo. Kutokana navyo tumepata vipimo vya muda: usiku kucha, yaani mpaka kuche, mchana kutwa, yaani mpaka kutwe au kuchwe. Muda haukupimwa kwa chombo. Ulipimwa kwa badiliko la nuru ambalo mtu alipaswa kulitazama.

Kutoka katika -cha kumezuka kitenzi ambacho leo hatukihusishi tena na anga: kuchelewa. Kwa umbo lake ni kauli ya kutendwa iliyojengwa juu ya kauli ya kutendea. Aliyechelewa ni yule ambaye kumemchea, mtu aliyekutwa na mapambazuko kabla hajafika alikotakiwa kuwa. Kipo pia kuchwelewa, kukutwa na machweo njiani. Methali isemayo chelewa chelewa utakuta mwana si wako huwa tunaifundisha kama onyo dhidi ya uzembe. Ndani yake, hata hivyo, mna picha ya mtu aliyeinua kichwa akaona kumekucha.

Mfumo wetu wa saa unathibitisha jambo hilohilo. Saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni saa moja tangu jua kuzama. Katika latitudo ya Lindi, karibu na nyuzi kumi kusini mwa Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hivyo hesabu hiyo haimpotezi mtu. Saa za mitambo zilipoletwa, Waswahili hawakuiacha hesabu yao. Walizisoma zile zana kwa hesabu ya jua. Hadi leo mtu husoma saba kwenye saa ya mkononi akatamka moja.

Juu ya tabaka hili la Kibantu liliwekwa tabaka la Kiarabu: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Felicitas Becker (2008), katika utafiti wake juu ya Uislamu wa Lindi na Mtwara, ameonesha kwamba dini hiyo ilienea kwa kasi vijijini baada ya Vita vya Maji Maji. Pamoja na dini yalienea majina ya nyakati za swala, nazo pia ni nyakati za kutazama. Alfajiri hutambuliwa kwa uangavu unaotanda upeoni, na magharibi huingia jua linapozama. Kwa upande mwingine, Wabenediktini waliokuwa wamefika Lukuledi mwaka 1895 walileta kengele. Nkowe, ambayo nayo ilipata misheni yao, iliishi kwa vipimo vyote hivyo pamoja: vitenzi vya babu, majina ya swala na kengele ya kanisa. Ni kengele peke yake ambayo haikumlazimu msikilizaji kuangalia juu.

Ushahidi wa vitenzi una mipaka, na ni haki kuitaja. Neno huonesha kwamba jambo liliwahi kutambuliwa; halioneshi kwamba kila alitumiaye hulitambua tena. Anayechelewa kazini leo haoni macheo. Aidha, mtu anaweza kuhoji kwamba kutambua nuru kwa ajili ya kupanga kazi si kuona uzuri. Pingamizi hili ni zito zaidi, na linahitaji jibu la kiisimu.

Kivumishi -zuri, kwa kweli, hakitenganishi uzuri na manufaa. Mvua nzuri ni mvua ya kutosha iliyokuja kwa wakati wake, hata ikiwa imenyesha usiku na hakuna aliyeiona. Lakini lugha inacho kitenzi kingine. Kupendeza, kitokanacho na -penda, ni kulifanya jicho lipende. Mpita njia husema shamba limependeza wakati mahindi yana urefu wa magoti tu, kabla hajajua kama mwenye shamba atavuna. Mwaka ule huenda ukawa wa njaa; kauli yake haibatiliki, kwa kuwa hakuwa akikisia mavuno. Alikuwa akisema kile ambacho jicho lilikipata pale pale. Hivyo lugha inao uwezo wa kutenganisha manufaa na mvuto, na watu wake wa kawaida huutumia bila kuwa washairi.

Mfano wa kumbikumbi unaonesha jinsi viwili hivi vinavyoweza kukaa pamoja bila kimoja kukifuta kingine. Mvua za kwanza zinyeshapo, wadudu hawa hutoka kichuguuni kwa maelfu, huruka kwa muda mfupi, kisha hudondosha mabawa. Watoto huwakimbilia kwa vyombo kwa kuwa ni chakula kitamu. Je, mtoto anayewakimbilia haoni namna mabawa yale yanavyong'aa kwenye nuru ya taa? Kuuliza swali hili ni kulijibu. Anayedai kwamba njaa humfanya mtu asione hajawahi kuwa mtoto katika usiku wa mvua ya kwanza.

4.0 Watazamaji Waliotoka Mbali

Mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi, akaenda Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeipitia nchi mwaka uliotangulia; misheni za Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimeshambuliwa mwezi Agosti 1905, na adhabu ya serikali ya Kijerumani iliwaangukia watu na mashamba yao. Weule alibeba kamera, fonografu na mtambo wa kupigia picha zinazotembea. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Alice Werner, aliyekuja kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London, ikafuata mwaka 1909.

Kwa mada yetu, zana muhimu kuliko zote alizobeba Weule ni penseli. Aliwapa wenyeji penseli na karatasi wachore walichotaka, na baadhi ya michoro hiyo aliichapisha kitabuni. Kwake ilikuwa data ya kujadili uwezo wa kuchora. Kwetu sisi ni kitu kingine: ni mara chache katika historia ya kusini ambapo mtu wa bara aliulizwa, kwa vitendo, anaona nini. Swali lenyewe lilikuwa jema. Aliyeuliza alikuwa na haraka ya kupima majibu.

Haraka hiyo ilikuwa kubwa zaidi mwaka 1946. Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ulitumia wiki tisa, sehemu ya kazi hiyo ikifanywa kwa ndege. Mpango uliotangazwa Februari 1947 ulikuwa wa mashamba 107 ya karanga, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na mengi ya hayo, 55, katika Jimbo la Kusini. Nachingwea ndiyo iliyochaguliwa kuwa kitovu cha kusini. Bandari ilijengwa Mtwara, reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni za Uingereza zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni kuwa hasara. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu za kushindwa zimejadiliwa sana: mitambo isiyofaa, vipuri, usafirishaji, mvua haba, na udongo wa Kongwa uliokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Sababu hizo zote ni za kweli. Makala haya yanaongeza jambo moja lililo chini yake. Wiki tisa hazitoshi kuuona mwaka mmoja. Udongo wa Kongwa haukuwa siri; ulijificha tu kwa mtu aliyeupita katika majira mamoja. Nchi ya miombo ina mambo mengi yanayoonekana kwa siku chache na kutoweka, na ni hayo ambayo mkaaji wake hutumia kuijua: majani mekundu yaliyotangulia mvua, kumbikumbi, umande unaozidi au kupungua, mavundevunde ya jioni. Kutazama kwa subira kulikoelekea kuwa anasa kumbe ndiyo elimu iliyokosekana.

Sisemi kwamba kama wapangaji wangeketi Nkowe wakasifu rangi ya majani karanga zingeota. Ninasema kwamba jicho linalongoja na jicho linalopima kwa haraka hayaoni nchi ileile. Walioliita eneo hilo tupu walikuwa na takwimu upande wao, kwa kuwa watu walikuwa wachache na mbung'o wengi. Lakini pori lenye watu wachache si pori lisilotazamwa.

Wakati mitambo ikivunja miti ya Nachingwea, Lyndon Harries, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi katika dayosisi ya Masasi, alikuwa akiandaa sarufi ya Kimwera iliyochapishwa mwaka 1950. Mwaka 1962 mtu huyohuyo alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya ushairi wa Kiswahili. Vitabu hivi viwili vinatufunza jambo kuhusu taaluma yetu. Bara lilimpa Harries sarufi. Pwani ilimpa ushairi. Mgawanyo huo haukuwa hila yake, kwa kuwa miswada ya hati za Kiarabu ilikuwa pwani. Hata utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, uliochapishwa kwa tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1957, uliingia katika hazina yetu kupitia kalamu ya mtu wa Lindi mjini. Lakini mgawanyo huo ulizaa mazoea: tunakwenda pwani kutafuta uzuri na bara kutafuta viambishi.

5.0 Mikorosho, Vijiji na Umande

Tukio la mwisho la kuzingatia ni la enzi ya uhuru. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara uhamisho ulikuwa umeanza mapema zaidi. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa kandokando ya barabara kwa ajili ya shule, zahanati na maji. Faida hizo zilikuwa za kweli kwa wengi. Hasara mojawapo ilikuwa mikorosho. Mkorosho huishi miongo mingi na hauhamishiki. Mwenyewe alipohama, mti ulibaki. Uzalishaji wa korosho wa Tanzania uliofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 ulishuka hadi kiasi cha tani 16,500 msimu wa 1986/87. Bei duni na magonjwa vilichangia, lakini umbali baina ya mkulima na miti yake hautengwi na maelezo hayo.

Wachumi wameuhesabu umbali huo kwa tani. Unaweza pia kuhesabiwa kwa macho. Mti ulio nyuma ya nyumba huonwa bila kukusudia: mtu akifagia, akinawa uso, akimwita mtoto. Maua ya mkorosho ni madogo, meupe yenye mistari ya waridi, na harufu yake hutangulia kuonekana kwake. Mti ulio mwendo wa saa mbili huonwa siku ya kazi tu. Uhamisho haukuwanyima watu uzuri kwa makusudi. Uliwaondolea zile nafasi ndogo za kila siku ambamo uzuri huonwa bila kutafutwa. Hasara ya namna hiyo haidaiwi fidia, na kwa hiyo haimo katika jalada lolote.

Historia hii ina mwendelezo usiotarajiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mikorosho ya kusini imeshambuliwa na ubwiriunga, ukungu unaokaa juu ya machipukizi na maua kama unga uliomwagika. Dawa yake kuu imekuwa salfa ya unga, nayo hupuliziwa alfajiri, wakati upepo umetulia na umande ungali majanini ili unga ushike. Hivyo ugonjwa na dawa yake vimemrudisha mkulima mashambani katika saa ileile ambayo vitenzi vyetu viliihifadhi. Anasimama chini ya maua kabla jua halijapanda, kitambaa puani, akiangalia ua moja moja kama limepona. Jicho lake lina wasiwasi wa bei, wa mkopo wa pembejeo, wa ada ya shule. Je, ni jicho lisiloona? Hakuna mtu katika Tanzania nzima anayeyajua maua ya mkorosho kwa ukaribu kama huo, na kujua kwa ukaribu ni mwanzo wa kupendezwa, si mwisho wake.

6.0 Mandhari Darasani

Hoja hii ina madai kwa walimu wa fasihi, nami nikiwa mmoja wao. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha zilizotaja mandhari kwa sentensi moja, nikaweka alama ya vyema. Nilikuwa nikiwazawadia wanafunzi kwa kutotazama. Wengi wao walitoka vijijini. Walikuwa wameyaona mengi kuliko mwandishi waliyemhakiki, na mtihani haukuwauliza.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kungoja mtaala mpya. Kwanza, mandhari iulizwe kama kitendo: nani anatazama katika matini hii, anatazama akiwa anafanya nini, na ni kitu gani kinachopita kabla hakijatajwa? Mjadala wa ushairi wa miaka ya 1970, uliochochewa na kutoka kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, ulituzoesha kubishana juu ya vina na mizani. Swali la jicho lilibaki nje ya ukumbi, ingawa lingewagusa wanamapokeo na wanamabadiliko kwa usawa.

Pili, uchunguzi wa msamiati wa rangi na nuru uendelezwe na wazawa wa lugha. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha ishirini ambazo Berlin na Kay walizitumia mwaka 1969 kujenga nadharia yao ya majina ya rangi. Nadharia hiyo ilitafuta maneno ya msingi, hivyo ikayaweka kando majina yatokanayo na vitu. Lakini ni katika majina hayo ndimo umo utazamaji: zambarau kutoka tundani, manjano kutoka katika kiungo cha mchuzi, kijani kibichi kutoka katika jani changa. Kila jina la namna hiyo ni kumbukumbu ya mtu aliyesimama akalinganisha.

Tatu, Kimwera. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009, na baadhi ya lugha zimepata misamiati na sarufi. Kazi hiyo ni msingi mzuri. Kinachohitajika sasa ni kukusanya majina ya mambo yasiyodumu: aina za ukungu, hatua za kuchipua kwa miti, rangi za anga kabla ya mvua. Majina haya hayamo katika orodha za maneno za kawaida za ukusanyaji, zinazoanza na viungo vya mwili na kuishia na hesabu. Huulizwa kwa msimu na mahali; mtafiti anayekwenda mwezi Julai hataambiwa neno la Oktoba. Nchi yenyewe nayo inabadilika: Ruangwa na Nachingwea zina madini ya kinywe ambayo ulimwengu unayahitaji kwa betri, mkaa unapunguza miombo, na vijana wanakulia katika Kiswahili. Neno likitoweka pamoja na kile lilichokitaja, hapatakuwa na wa kusema kwamba vilikuwapo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uzuri wa muda mfupi una historia hata pale ambapo hauna taasisi. Katika bara la Lindi historia hiyo imehifadhiwa katika kitenzi cha macheo kilichozaa kuchelewa, katika saa inayohesabiwa kwa jua, na katika mpita njia anayesema shamba limependeza bila kujua litavunwaje. Wageni waliokuja na penseli, ndege na mitambo walikuwa na zana za kuona; wengi wao hawakuwa na muda. Wakaaji walikuwa na muda, lakini muda wao uliitwa kazi, na kazi haikuhesabiwa kuwa kutazama.

Tumerithi mgawanyo huo, nasi tunaufundisha. Kuurekebisha hakuhitaji tuwageuze wakulima wa Nkowe kuwa washairi wasiojijua, wala tuufiche ugumu wa maisha yao nyuma ya rangi za majani. Kunahitaji tukubali kwamba mtu anaweza kuinama kulima, akainua kichwa, akaona, akainama tena. Na kwamba kile kitambo kidogo cha kuinua kichwa ni sehemu ya utu wake kama ilivyo jembe lake. Mwanahistoria wa fasihi asiye na mahali pa kukiweka kitambo hicho ataandika mengi ya kweli kuhusu Nkowe, na bado atakuwa amechelewa, kwa maana ile ya kwanza ya neno hilo.